Pimbi Aliyetaka Pembe

Kusini mwa Seronera, katikati ya Serengeti, pana majabali yanayoitwa Moru. Yamechomoza nyikani makubwa kuliko nyumba, na nyufa zake ndefu zimeshikwa na mizizi ya mitini. Kwenye jabali mojawapo vijana wa Kimaasai walichora ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, kabla Wamaasai hawajahamishwa Serengeti mwaka 1959. Lipo pia jiwe lenye vishimo vya duara ambalo, ukiligonga kwa jiwe lingine, hulia kama chuma. Watalii huligonga, hupiga picha, huondoka. Wanyama wa Moru walilifanya kengele ya kanisa.

Mpiga kengele alikuwa Nyani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mikono. Waliokuja wakisikia ni pimbi kwa makundi, Mbuzi Mawe, Digidigi na mke wake, Kanga, Kobe na Mjusi. Kanisa lenyewe lilikuwa kivuli cha mtini. Mwinjilisti alikuwa pimbi jike, mzee, sikio moja limechanika, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Bibi.

Bibi hakuwa na mahubiri mengi. Alikuwa na sehemu chache za Maandiko alizozijua hadi mifupani, na kila Jumapili alizirudia kwa furaha ya mtu anayepokea barua kutoka nyumbani.

"Tuanze na aibu yetu," alikuwa akisema. "Fungueni Walawi, sura ya 11. Wanyama najisi wameorodheshwa pale, na sisi tumo, kwa jina letu la wibari. Hatukusingiziwa, tumeandikwa. Haya, nendeni Zaburi ya 104. Wibari yule yule ametajwa tena, safari hii katikati ya sifa za Mungu, kwamba miamba ni mahali pake pa kukimbilia. Mkitoka hapo nendeni Matendo, sura ya 10. Petro yuko darini kule Yafa, njaa inamuuma, anashushiwa nguo kubwa iliyojaa wanyama wa kila aina, na sauti inamkataza kumwita najisi yeyote ambaye Mungu amekwisha kumtakasa. Mimi naamini babu yetu alikuwemo kwenye nguo ile. Sasa ndugu zangu, aliyekwisha kupokelewa hivyo, anatafuta kitu gani kingine ndipo aonekane mtu?"

Halafu yalifuata matangazo, na tangazo la kwanza siku zote lilikuwa zamu.

Hapa inabidi nimweleze msomaji jambo moja kuhusu pimbi, kwa sababu hadithi yote imeegemea hapo. Pimbi ni mnyama mdogo asiye na mkia, asiye na pembe, asiye na mbio za kutisha. Lakini nyayo zake zina jasho linalomfanya anate kwenye jiwe hata pale jiwe linapoteremka wima. Na jicho lake lina kipazia kidogo juu ya mboni kinachomwezesha kutazama upande wa jua. Adui yake mkubwa ni Tai mweusi, na Tai hupenda kuja akitokea upande wa jua. Kwa hiyo wengine wanapoota jua asubuhi au wanapokula majani, mmoja hukaa juu kabisa ya jabali, macho mbinguni, bila kula. Akiona kivuli anapiga mbinja moja kali, na kufumba na kufumbua jabali limebaki tupu, wote wako ndani ya nyufa. Yule anayekaa juu ndiye mwenye zamu. Pale Moru zamu ilihesabiwa kuwa ibada, sawa na kusali. Bibi mwenyewe, na uzee wake wote, alikuwa na zamu ya Jumatano.

Ndipo akaja Korongo.

Alikuja mwishoni mwa masika, wakati nyumbu wanapoondoka nyanda za kusini kwa mamia ya maelfu kufuata majani. Panapopita nyumbu pana wanaoanguka, na panapoanguka nyumbu Korongo hakosi. Kwa kawaida aliishi Mwanza, kwenye majalala. Kichwa chake kilikuwa na upara, koti lake la manyoya lilikuwa jeusi, kifua cheupe, na shingoni ulimning'inia mfuko mrefu mwekundu wa ngozi. Alisimama juu ya tawi la mtini, akakunja mguu mmoja, akawatazama waumini waliokuwa wakitoka ibadani.

"Nani kati yenu anaitwa Kimeno?" akauliza.

Kimeno alikuwa pimbi kijana ambaye meno yake mawili ya juu yalizidi ya wenzake kwa urefu. Hakukuwa na unabii wowote katika kumjua. Watoto walikuwa wakimwita jina hilo kwa sauti tangu asubuhi. Lakini alisikia mwili ukimsisimka.

"Ni mimi, Baba."

"Unajua wewe ni wa ukoo gani?"

"Wa pimbi, Baba."

"Hapana. Wewe ni wa ukoo wa Tembo."

Msomaji asidhani Korongo alidanganya hapo. Wataalamu wa viumbe wanasema kwamba kati ya wanyama wote walio hai, wa karibu zaidi kwa pimbi kinasaba ni tembo na nguva. Hata yale meno mawili ya Kimeno ni ya jamii moja na pembe za ndovu, kwa kuwa yote mawili ni meno ya mbele ya juu yasiyoacha kukua. Anayetaka kukupoteza hakuanzishii uongo. Anakuokotea ukweli ambao hakuna aliyewahi kukuambia, anauweka mkononi mwako, na tangu hapo unamwamini kwa mengine yote.

"Baba yako ana tani sita," Korongo akaendelea, "na wewe unajibanza kwenye ufa pamoja na mijusi! Ni laana ya ukoo. Ni roho ya udogo. Mungu hakukuumba ujifiche, mwanangu. Alikuumba uwe na pembe. Mwambie jirani yako: pembe zangu zinakuja!"

Pimbi watatu waliokuwa karibu wakaambiana. Walianza kwa aibu, wakazoea.

Mkutano ulitangazwa kuwa wa siku saba, na uliendelea mpaka nyumbu wa mwisho alipopita. Kila mmoja alifunguliwa hamu yake. Digidigi, aliyeishi kwa amani na mke wake mmoja kwenye kichaka chake kimoja, aliambiwa kwamba alistahili shingo ya Twiga. Kobe aliahidiwa ghorofa juu ya gamba. Mjusi hakuhitaji hata kushawishiwa, kwani yeye alikuwa na andiko lake: Mithali 30 inamtaja kuwa mdogo anayekutwa kwenye majumba ya wafalme, na kwa miaka mingi alikuwa akijiuliza mbona hajahamia. Kanga aliahidiwa kuruka juu kuliko Tai. Kwa kila ahadi kulikuwa na mbegu ya kupanda, na mbegu ilipandwa ndani ya mfuko ule mwekundu. Kanga alipanda mayai. Alipanda yote. Korongo aliinua kichwa, mfuko ukatikisika mara moja, na Kanga akarudi nyumbani kwake akiwa na kiota kitupu na neno "napokea" mdomoni.

Mbegu zilipopungua yakaja mafuta. Yalikuwa mafuta ya nyumbu mmoja aliyekufa mtoni, na harufu yake ilitangulia kufika, lakini Korongo aliyaita ya upako, na aliyekanyaga pale yalipomwagwa aliambiwa angepata jibu lake kabla ya jua kuzama. Wanyama walisukumana. Siwezi kupita hapa kimya. Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, kila mmoja akitaka kuwahi kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikuwa watu wenye magonjwa, wenye madeni, wenye watoto waliokosa kazi. Hawakuwa wajinga, na mimi simcheki hata mmoja wao. Walikuwa na kiu, na waliambiwa kwamba Mungu yuko kwenye mafuta yaliyomwagwa chini, wamfuate kwa kukimbia. Ninapomwandika Digidigi anavyosukumwa na kuanguka chini ya kwato za wenzake, ninawaandika wao.

Bibi aliinuka siku ya nne. Alisubiri mpaka Korongo anyamaze, akatoa heshima zote, ndipo akauliza:

"Baba Mtume, katika Mithali hiyo hiyo ya 30, Aguri anaomba mambo mawili kabla hajafa, na moja ni kwamba asipewe umaskini wala utajiri, apewe chakula cha kumtosha tu. Anaogopa akishiba sana atamsahau Mungu, na akikosa sana ataiba. Je, Aguri naye alikuwa na roho ya udogo?"

"Bibi, hilo ni Agano la Kale. Sisi tunaishi chini ya neema."

"Na Malaki unayetusomea kila jioni kapu linapopita, yeye yumo Agano lipi?"

Kukawa kimya. Nyani akacheka, akajizuia. Korongo akashusha mguu uliokunjwa, akaangalia kundi zima badala ya kumwangalia Bibi.

"Wapendwa, mmeisikia roho ya umaskini ikisema kwa kinywa cha mzee? Tumwombee."

Wakamwombea, macho yamefumbwa, mikono imenyooshwa kumwelekea. Katikati ya maombi yale Bibi alifumbua macho kutazama juu ya jabali. Hapakuwa na mtu. Saa ile ilikuwa zamu ya Kimeno, na Kimeno alikuwa chini, amepiga magoti, anapokea.

Jioni alimwita. "Mjukuu wangu, zamu yako imekuwaje?"

"Bibi, Mtume amesema kukaa juu kumtazamia Tai ni kumkiri Tai. Anayelinda anaogopa, na anayeogopa hana imani. Tumeambiwa tukiri pembe."

"Na Paulo, alipowaandikia Wafilipi akiwa amefungwa minyororo, alikiri nini?"

Kimeno hakujua.

"Alisema kwamba amejifunza kuridhika na hali yoyote anayokuwa nayo. Sikiliza vizuri, mjukuu wangu, alisema amejifunza. Hakuzaliwa nako, wala hakumwagiwa na mafuta. Mtu mwenye bidii ya Paulo, aliyezunguka nchi na bahari, alihitaji kufundishwa kuridhika, tena akafundishwa akiwa kifungoni. Sasa wewe unayetaka kufundishwa kutamani, hilo somo nani alikuambia kwamba hulijui?"

Kimeno aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini moyoni alikuwa amekwisha kuondoka. Kila alfajiri alikwenda kwenye jiwe la kengele, ambako vishimo vile hujaa maji ya mvua, akajitazama meno. Aliinamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Alipumua taratibu maji yasicheze. Siku moja aliyaona yamerefuka, akakimbia kushuhudia, watu wakapiga vigelegele. Kesho yake yalikuwa yale yale. Alirudi kwa Mtume.

"Umepanda kilichobaki," Korongo akamwambia. "Hujapanda kinachouma. Imebaki sadaka ya kujimaliza."

Kilichokuwa kinauma ni ufa. Familia ya Kimeno ilikuwa na ufa mmoja upande wa mashariki, mwembamba mlangoni, mpana ndani, ambamo babu na bibi zake walizaliwa na kufia. Jua la asubuhi liliufikia kwanza, na hakuna kucha ya ndege iliyowahi kufika ndani yake. Usiku wa baridi walilala humo kwa kupandana, wakapashana joto. Kimeno aliuuza kwa Nguchiro, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiutamani kwa ajili ya watoto wake. Nguchiro alilipa panya, na panya wote wakaingia mfukoni mwa Korongo. Dada yake Kimeno, ambaye alikuwa amejifungua wiki ile, aliambiwa alale kwa muda kwenye ukingo wa jabali, nje. Kimeno alimtuliza: pembe zikifika wangehamia bondeni, walale popote, kama walalavyo ndugu zao.

Alipoona pembe hazifiki, aliamua kwenda mwenyewe kwa Tembo kudai undugu.

Alimkuta Bibi Tembo kwenye migunga, akichuna magome ya mti. Pembe yake moja ilikuwa imekatika katikati. Kimeno alisimama mbali, miguu ikimtetemeka, akapaza sauti.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Uko wapi, mbona nasikia tu?"

Alipomwona alishusha mkonga mpaka chini, akamnusa mgongo, tumbo na meno. Alicheka tumboni, mcheko usiosikika ila ardhini. "Kweli wewe ni wetu. Mama yangu aliwahi kuniambia tuna ndugu wanaokaa mawe, nikadhani ananifariji tu. Karibu. Una shida gani?"

Kimeno akamweleza yote: ukoo, laana, mbegu, mafuta. Akamwomba amtamkie tu neno, yeye akiwa mkubwa wa ukoo, ili pembe zitoke.

Bibi Tembo aliacha kutafuna.

"Mama yangu alikuwa na pembe zilizogusa majani," akasema. "Ndege walitua juu yake. Tulipomkuta, uso haukuwepo. Walikata kuanzia machoni, kwa sababu sehemu ya pembe imo ndani ya kichwa na hawakutaka kuacha hata kipande. Mdogo wangu alikaa pale akimpapasa kwa siku nyingi. Baada ya mama akafuata shangazi, halafu huyo mdogo wangu. Mimi pembe hii ilivunjika nikichimba maji, na siku ilipovunjika nililia. Sasa najua kwamba huenda ndiyo iliyoniacha hai."

Bibi Tembo hakujua hesabu, lakini sisi tunazijua. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Ilipofika mwaka 2014 walikuwa wamebaki takriban 43,000. Hakuna ukame wala ugonjwa uliofanya hivyo. Ni pembe, na tamaa ya watu wa mbali waliotaka kuziweka sebuleni.

"Yule Faru aliye jirani yenu pale Moru," akaendelea, "umewahi kumwona akitembea bila askari wenye bunduki kumfuata? Usiku na mchana. Anakula akilindwa, analala akilindwa. Ni kwa ajili ya kile kilicho puani kwake. Mwulize kama anakipenda."

Kimeno alinyamaza.

"Hebu na mimi nikuulize. Kwenu kuna nyufa?"

"Zipo, Bibi."

"Mtu unaingia mwili mzima? Mpaka nyuma hakuna kinachobaki nje?"

"Mwili mzima."

"Na ndani kukoje?"

Kimeno alifikiri. Hakuwahi kuulizwa. "Kuna joto. Unasikia wenzako wanapumua. Mvua ikinyesha unaisikia huko nje, haikufikii. Hata Simba akisimama mlangoni, unaona makucha yake tu."

Bibi Tembo alinyamaza kwa muda mrefu.

"Mimi," akasema, "sijawahi kuingia ndani ya kitu chochote."

Halafu akamsukuma taratibu kwa ncha ya mkonga. "Rudi nyumbani. Undugu ni wa kweli, na siku yoyote upitapo uniite bibi nitaitika. Lakini pembe sikutamkii. Ningekuwa nimekulaani."

Kimeno alirudi mbio, na njiani kote aliusikia ufa ule mwilini mwake, joto lake na giza lake, akakumbuka kwamba ameuuza.

Kabla hajafika alisikia kelele. Hazikuwa za mkutano. Tai alikuwa amekuja asubuhi ile akitokea upande wa jua. Juu ya jabali hapakuwa na mtu, maana kulinda kulikuwa kumekuwa dhambi. Pimbi waliokuwa na nyufa waliingia kwa bahati tu. Dada yake Kimeno alikuwa ukingoni, hana pa kuingia. Alikuwa na kitoto cha siku chache, macho wazi na manyoya kamili, kama wanavyozaliwa pimbi. Alikilalia. Tai alimpindua kwa ubawa mmoja.

Korongo alikuwepo. Aliona yote kutoka tawini. Yule mama alipomwendea, hana sauti tena, akitaka neno lolote la Mungu, Korongo alimwambia hivi: "Imani yako ilipungua mahali fulani, mama. Jichunguze."

Nimewahi kusikia maneno hayo yakitamkwa kwa binadamu, kando ya jeneza dogo, na aliyeyatamka akanywa chai baadaye. Kama kuna kukufuru, ni huko. Kristo alipofika kwenye msiba wa Lazaro hakumwuliza Martha wala Mariamu imani yao ilipungua wapi. Alilia.

Jioni ile nyumbu wa mwisho walivuka kuelekea magharibi. Korongo alinyoosha mabawa, akapata upepo, akazunguka juu ya Moru mara moja, mfuko umejaa, akaondoka. Hakuaga.

Usiku Nyani aligonga jiwe bila kuambiwa. Walikuja wote, mmoja mmoja, wakikwepana macho. Kanga alikuja bila watoto. Digidigi alichechemea. Walikaa chini ya mtini wakingoja kuambiwa kwamba walikuwa wameonywa, na walikuwa tayari, kwa kuwa ilikuwa haki yao. Bibi hakusema. Alikwenda akalala ubavuni mwa yule mama, na pimbi wengine wakafuata, wakapandana juu yake na kumzunguka, mpaka ukingo ule wa wazi ukawa na joto la ufa. Bibi aliomba sala fupi. Alimshukuru Mungu kwa kitoto kile, akataja rangi ya manyoya yake. Alimwambia Mungu kwamba hawaelewi. Alimwambia kwamba bado wako kwenye Mwamba.

Asubuhi Kobe, ambaye hukaa na jambo moyoni muda mrefu kabla ya kulisema, aliuliza: "Bibi, kuridhika huku unakotufundisha, ndiyo kusema tukae tushukuru kwa kila kitu? Nguchiro yumo kwenye ufa wa wafiwa. Turidhike naye?"

"Nani amekuambia?" Bibi akasimama. "Tunakwenda kwake sasa hivi. Aliyeridhika na Kristo hauzwi wala hanunuliki, kwa hiyo ndiye anayeweza kwenda kudai haki bila kutetemeka. Anayetamani pembe anaweza kunyamazishwa kwa ahadi ya pembe. Mimi utaninyamazisha kwa nini?"

Wakaenda, Bibi mbele, Nyani na Mbuzi Mawe nyuma yake. Nguchiro alikuwa na hoja: alilipa. Bibi akakubali kwamba alilipa, akakiri kwamba kijana wao alikosa kwa kuuza kisicho chake peke yake. Waliongea mpaka jua likawa kali. Mwisho walipatana hivi: Nguchiro atarudi kwenye kichuguu chake, na pimbi watakapopiga mbinja kumwona Tai, watapiga mara ya pili kwa ajili yake na wanawe, siku zote. Nguchiro aliposikia hivyo alitazama juu ya jabali, akatazama watoto wake, akaanza kutoa vitu vyake nje.

Kwa Kanga hapakuwa na mapatano yaliyoweza kurudisha mayai. Mke wa Digidigi alimletea mbegu za nyasi kila jioni mpaka msimu wake ukafika akataga tena. Mjusi aliendelea kulitaja andiko lake la majumba ya wafalme, ila sasa alilisema akiwa amejilaza juu ya jiwe lenye jua, na hakuulizia tena tarehe ya kuhamia.

Kimeno alimwendea dada yake siku ya tatu ya msiba. Alipiga magoti mbali kidogo. Hakutaja Mtume, hakutaja laana wala shetani. Alisema, "Niliuza mlango wako." Dada yake hakujibu, na hakujibu siku nyingi baadaye. Bibi hakumharakisha. Alimwambia Kimeno kwamba msamaha wa Mungu ameupata, wa dada yake autumikie. Kwa hiyo alichukua zamu ya alfajiri, ile ngumu, jiwe likiwa baridi na jua likichomoza usoni, na akaichukua kila siku. Asubuhi moja dada yake alimpelekea majani juu. Aliyaweka pembeni yake, akashuka bila neno. Kimeno hakugeuka kuyatazama, kwa sababu macho yake yalikuwa na kazi.

Kiangazi kilipofika, mbayuwayu walileta habari kutoka Lobo, kaskazini ya mbali, ambako nako kuna majabali na pimbi. Walisema ametua huko mtumishi mwenye koti jeusi, na kwamba amewaambia pimbi wa Lobo jambo la ajabu kuhusu ukoo wao, na mkutano umeanza.

Wazee wa Moru walikaa kutafuta la kuwaandikia. Mmoja alipendekeza waseme ni uongo mtupu. Kimeno aliomba nafasi, akashuka kutoka jabalini kwa mara ya kwanza siku ile baada ya mwingine kumpokea zamu. Alisema wasiandike hivyo, maana pimbi wa Lobo watachunguza undugu, wataukuta ni wa kweli, na tangu hapo hawatawasikiliza tena. Bibi akakubali. Mbayuwayu waliondoka na ujumbe huu:

"Wapendwa wa Lobo, Bwana asifiwe. Habari za undugu wetu na Tembo ni za kweli, tumezihakikisha. Habari za pembe, tunawaomba kabla hamjatoa kitu chochote mtume mtu mmoja akamwulize Tembo mwenyewe. Atakayekwenda, awepo wa kumshikia zamu."